Vijiti vya Lundo la Makapi

Rama mwanangu,

Salamu nitakupa mwishoni, nikiona unazistahili. Kwa sasa kaa chini usome. Najua utaifungua barua hii ukiwa umesimama, mkono mmoja mfukoni, kama unavyosoma kila kitu siku hizi. Kaa. Kiti cha marehemu baba yako kiko hapo kando ya dirisha na bado ni kizima.

Nakuandikia mchana huu kwa sababu umeenda Wendani kuwaaga uliosoma nao, na ukirudi utakuwa na haraka. Kila nikifungua mdomo unaniambia, tutaongea baadaye mama, halafu unachukua koti. Sawa. Nilijifunza kuandika kwa darasa la gumbaru, la watu wazima, wewe ukiwa mgongoni, mwalimu akanilalamikia kwamba mtoto anakula chaki. Leo wacha chaki ile inifae. Nitaiweka barua juu ya sanduku lako, uisome kabla hujalala.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uswali, kibla unakijua kiko wapi. Chakula utapikiwa huko na watu wa kampuni, nguo utafuliwa, na mke utajitafutia. Hayo yote yaache. Gari ya kampuni inakuja kesho asubuhi kukupeleka kwa kiwanda cha simiti, kule tambarare ng'ambo ya Ngoliba, na nyumba umepewa, na cheo umepewa. Majirani wote hapa Majengo wanajua kazi yenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyewatangazia ulipoipata, kabla sijajua unaifanyaje.

Wakaniuliza ni kazi gani hiyo ya kutafuta mafuta, kwani simiti inakaangwa? Nikawaeleza vile ulivyonieleza wewe, jioni ile ulipokuja na nyama ukakaa hapa jikoni kwa furaha. Ukaniambia tanuri la simiti ni bomba refu kuliko huu mtaa wetu, limelazwa, linazunguka polepole usiku na mchana. Mawe yaliyosagwa yanaingia upande huu, moto unapulizwa kutoka upande ule. Ukasema zamani moto huo ulikuwa wa mafuta mazito meusi peke yake, lakini siku hizi mafuta yamepanda bei mpaka wakubwa hawalali, kwa hivyo wanataka kuchoma vitu vinavyotupwa. Maganda ya makadamia. Pumba za mpunga kutoka Mwea. Magurudumu yaliyokwisha. Na makapi ya kahawa, na uliposema hivyo ulinitazama ukacheka. Ukaniambia, "Mama, hata jivu halitupwi. Linaingia ndani ya simiti. Hakuna kinachobaki."

Nilikupigia makofi, Rama. Nikajisemea, makapi yetu leo yanajulikana na watu wa digrii. Nikakuongezea mchuzi. Wala sikukuuliza ni makapi ya lundo gani.

Basi nianze na kosa langu, maana yako yanakuja.

Ulipokuwa darasa la kwanza ulirudi nyumbani unalia, mtoto mwenzako amekuambia unanuka moshi wa makapi. Mama mwingine angemwendea yule mtoto kwao. Mimi nilikuogesha kwa sabuni ya kufulia, nikakusugua kama sufuria, nikakushika masikio yote mawili nikakuambia, ukiulizwa mama yako anafanya kazi gani, sema ana hoteli. Usitaje lundo. Usitaje makapi. Nikakukaririsha. Ulipokosea nikakuzaba kofi, ukarudia tena vizuri. Hakuna somo ulilowahi kulishika kama hilo, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku ile nitakayokueleza, wakati mwingine mpaka chapati inaungua.

Hoteli yenyewe unaijua. Kibanda cha mabati kando ya barabara ya viwanda, mimi upande huu na chai na mahamri na chapati, Nyambura upande ule na githeri na maharagwe. Baba yako alipofariki na trela kule Mombasa Road, hakuna aliyeniuliza nitakula nini isipokuwa Nyambura. Mwislamu wa Majengo na mama wa kanisa, watu walitucheka, tukawaacha wacheke wakinunua. Na tulipikia nini? Makapi. Kinu cha kahawa cha njia ya Ruiru kinakoboa, kahawa inaenda kuuzwa, makapi yanamwagwa nyuma ya ua. Kwa wakubwa wa kinu yalikuwa takataka. Kwetu yalikuwa ndiyo jiko, ndiyo shule yako, ndiyo hiyo tai uliyovaa.

Siku hizi unajifanya umesahau, lakini mikono yako haiwezi kusahau. Unachukua debe, unalitoboa kwa chini, unasimamisha chupa katikati, unashindilia makapi kuizunguka kwa ngumi, kisha unaichomoa chupa taratibu ibaki shimo. Ukiwasha kutoka chini, maharagwe yanaiva, maji ya kuoga yanachemka, na moto bado upo. Ukishindilia ovyo unapata moshi na machozi. Wewe ulikuwa ukishindilia vizuri kuliko mimi. Nyambura alikuwa anasema mkono wako una baraka.

Na lundo lile ulilijua. Ulijua lina moto ndani. Makapi yakilowa mvua yakalaliana yanapata joto yenyewe, polepole, mpaka yanashika moto chini kwa chini, na kwa juu huoni kitu. Unakanyaga ukidhani ni makapi, kumbe ni ganda tu limefunika makaa. Ndiyo maana tulikuwa na vijiti. Wa kwanza kufika alfajiri anadunga fimbo ndefu, anaichomoa, anaishika nchani. Ikiwa ya moto, hapo anasimamisha kijiti chenye kitambaa. Penye kijiti hapapitwi. Na sheria ilikuwa moja, hata walevi wa mtaa waliiheshimu: aliyekiweka kijiti ndiye anayekitoa, na akikitoa anawaambia wenzake.

Mwekaji alikuwa nani? Alikuwa wewe. Ulikuwa mwepesi, lundo halikudidimia chini yako. Ndiyo, nilimpandisha mwanangu wa pekee juu ya moto kwa sababu hakuwa na kilo. Nyambura alinigombeza mpaka akaacha kunisalimia. Alipoona sisikii, akaja na kamba, akakufunga kiunoni, ukapanda, na kamba akaishika yeye kwa mikono yote miwili, hasemi na mtu, mpaka ulipoteremka. Kila alfajiri. Wewe ulikuwa unamwita tata, yaani shangazi kwa lugha yao. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando nikikunja magunia.

Sasa tufike ile siku.

Watu wa kinu walinijia kibandani wakaniambia kuna wageni wa kiwanda cha simiti, wanakuja kutazama makapi, niwaletee chai na mahamri pale nyuma ya ua. Nikafurahi. Nikajua ni wewe unawaleta. Nikavaa leso ile mpya uliyoninunulia Idi, nikakaanga mahamri yaliyoumuka vizuri. Nikaja mapema, nikapita ule upande wa mwanya wa waya tuliozoea kupitia, kwa sababu mlango wa mbele ni mbali kwa mtu mwenye birika mbili.

Nikakuona, Rama. Wageni walikuwa hawajafika. Umekunja mikono ya shati, tai umeitia mfukoni isichafuke, uko juu ya lundo peke yako unang'oa vijiti. Mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa unajua pa kukanyaga kwa sababu vijiti vyenyewe vilikuwa vinakuonyesha, ukikaribia kimoja unainama kutoka pembeni, unakichomoa, unakitia kwapani. Kitambaa kimoja kilikuwa kipande cha leso yangu ya zamani, ile ya maua. Ulipomaliza ukaviweka nyuma ya choo cha walinzi ukavifunika kwa gunia. Ukanawa mikono kwa mfereji. Ukavaa tai.

Mimi nilibaki nyuma ya mti wa silva-oki na birika zangu. Nilidhani umekuja na mpango mwingine, labda mtaweka vibao vya chuma. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Mama ni mjinga.

Wakaja wakubwa, watatu wa simiti na wawili wa kinu, na viatu vinang'aa. Ukawaonyesha. Ukachukua makapi kiganjani ukayafinya, ukafungua mkono yakamwagika, ukawaambia yakimwagika hivi ni makavu, yakishikana ni mabichi, yatazimisha moto wa tanuri. Nilikufundisha mimi hilo. Mzee mmoja wa simiti, mwenye mvi, mtu mwenye adabu zake, akauliza kwa Kiswahili kama kuna watu wanaoyatumia haya makapi, maana hakutaka malalamiko baadaye. Alikuuliza wewe. Nilikuwa hatua chache kutoka hapo, sinia kichwani.

Ukamjibu, "Hakuna mtu anayeyategemea. Ni taka tu."

Yule mzee akaniona, akaelekeza kidevu kwangu, akauliza, na hawa akina mama? Wewe ukanitazama. Ulinitazama machoni kabisa, mwanangu. Ukasema, "Huyu ni wa chai." Kisha ukaniambia mimi, kwa ile sauti ambayo watu wa ofisi huwatolea watu wa chai, "Weka hapo chini."

Nikaweka hapo chini. Nilijivuta leso mpaka kwenye nyusi ili yule mzee asione tunavyofanana. Hata hapo, ona ujinga, nilikuwa nakulinda usiaibike. Nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka njia ya Ruiru mpaka Majengo, na birika sikuzikumbuka tena.

Sitaki uniombe msamaha kwa hilo. Lile la chai ni langu na wewe, na nusu yake nilikufundisha mwenyewe. Mwanamke akimkaririsha mtoto kumkana, siku moja mtoto atamkana bila kukosea. Nililia, nikanawa uso, basi. Ninalotaka kukueleza ni la jioni ile, maana hilo hulijui.

Nililala kitandani nikageukia ukuta. Nyambura akabisha, akaingia hata kabla sijajibu, kama kawaida yake. Alikuwa amesikia kuna wageni wa simiti, watu wanasema lori zitakuja kuchukua makapi yote. Akaniuliza, Mama Rama, umewaona? Wamesemaje? Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama nimekuona. Nikajifunika uso kwa leso. Akasema haidhuru, kesho twende mapema, kabla hawajaziba ule mwanya, tujaze magunia ya wiki. Mimi nikamwambia aende tu, sijisikii vizuri. Akanifunika blanketi. Akaniuliza kama nimekula.

Maneno mawili, Rama. Vijiti hakuna. Maneno mawili tu nilikuwa niyaseme. Lakini nikiyasema ataniuliza nani kavitoa, na nikisema nani kavitoa ataniuliza ulisema nini kwa wageni, na mimi nilikuwa siwezi kutamka hilo la weka hapo chini mbele ya mtu yeyote aliye hai. Nikajiambia nitaamka kabla yake, nitavirudisha mwenyewe. Nikalia mpaka usingizi ukanishika, na adhana ya alfajiri ikanikuta bado niko palepale.

Nyambura alipanda lundo akitafuta kwa macho vitambaa. Hakuona hata kimoja upande wote wa mashariki. Mtu wa kwetu, mtu aliyekulia kwa lundo lile, akiona hakuna vijiti anajua nini? Anajua pamepoa. Anajua mwenye vijiti amepima akavitoa, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayevigusa. Mgeni asiyejua kitu angeogopa, angepima kwanza. Yeye hakupima. Aliamini. Akapita katikati na gunia begani, ganda likakatika, mguu wa kulia ukazama mpaka juu ya goti. Alikuwa amevaa vile viatu vya plastiki vya mvua. Plastiki ikayeyuka ndani ya ngozi. Walinzi walimsikia kutoka lango la mbele, na unajua lango la mbele liko mbali kiasi gani.

Nilikaa naye hospitali. Wewe ulituma blanketi. Lilikuwa blanketi zuri, zito, la rangi ya kahawia, na dereva aliyelileta akasema uko na mikutano. Walipomkata mguu nilikuwa nimelishika blanketi hilo mapajani. Wakubwa wa kinu wakasema aliingia kwa mwanya kama mwizi, hakuna atakalolipwa. Na wewe uliulizwa, nimesikia, kama unamfahamu huyo mama. Sitaki kujua ulijibu nini. Nadhani najua.

Mambo hayakuishia hapo. Watu walitaka kujua vijiti vimeenda wapi. Trekta ya kupakia ilikuwa imeletwa jana yake jioni, na dereva wake ni kijana wa Ngoliba, mtoto wa watu, mgeni wa lundo. Akina mama wakasema ni yeye, amepita na trekta amevizoa. Akaapa kwamba trekta ilikuwa haijawashwa. Nani amsikize? Walimpiga kwa majembe na kwa vijiko vya githeri, Mama Kadogo akamvunja meno. Kinu kikamfukuza ili watu watulie. Nilikuwepo, Rama. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na vijiti najua viko nyuma ya choo cha walinzi chini ya gunia, na nikawaacha wamalize. Kwa ajili yako. Nilimtazama mtoto wa mwanamke mwingine akitema meno ili wangu aende kazini na tai. Usije ukadhani mwenye ukatili katika nyumba hii ni wewe peke yako.

Kisha lori zikaanza. Kijani, na turubai, asubuhi na jioni. Lundo likaisha kama sukari. Mwanya ukazibwa. Sasa tunapikia makaa ya gunia, na makaa yanakula faida yote, na akina mama sita waliokuwa wanapika barabara ile wamebaki wawili. Nyambura hayupo kati ya hao wawili. Anakaa kwake anamenya viazi vya watu wa chips.

Ndipo ukaniletea mtungi wa gesi. Meko jipya, na kiberiti chake cha kubonyeza, na ukanipiga picha nimesimama nalo. Ukasema mama sasa pumzika na moshi. Mtungi huo uko nyuma ya mlango wa chumba chako, muhuri wake haujakatwa. Kesho ondoka nao. Sitaki kuukuta hapa.

Muda wote huo, unajua Nyambura alikuwa ananiuliza nini? Alikuwa ananiuliza, Rama ameshindaje? Anakula? Akanishauri nisikusumbue kuhusu lori, ati wewe ni mdogo kazini, huwezi kuwazuia wakubwa, na ungeweza ungetutetea. Kanisani kwao alikuwekea maombi. Ulipopata cheo alitaka kukufumia sweta, nikamzuia, nikasema utapewa na kampuni.

Juzi Ijumaa, baada ya swala, nikaenda kwake nikamwambia.

Sikuzunguka. Nilimwambia nilichoona nikiwa na birika, nikamwambia na lile la blanketi la usiku, aliponifunika nikanyamaza. Njoki bintiye alikuwa anaosha vyombo, akaacha. Nyambura aliendelea kumenya viazi muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Alivitoa kwa mkono wake?"

Nikamwambia, "Kwa mkono wake."

"Na wewe uliona."

"Niliona."

Akasema, "Ngai," polepole, akimwambia Mungu wake, si mimi. Akachukua mkongojo wake akaingia ndani, akafunga mlango. Sikuitwa. Nimekaa siku hizi mbili nikisubiri Mama Kadogo na wenzake waje kunipiga mimi, na ningewafungulia. Hakuna aliyekuja. Hajamwambia mtu. Jana ndipo Njoki akafika hapa, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, mama amesema atakuja siku ile Rama anaondoka, asubuhi, kabla ya gari. Hakusema anakuja kufanya nini. Nami sikuuliza, kwa sababu sina haki ya kuuliza.

Kwa hivyo sasa unajua kwa nini barua hii imeandikwa leo.

Najua akili yako. Unahesabu kama unaweza kutoka alfajiri, upande gari ya abiria ya Garissa uondoke kabla hajafika. Unaweza. Miguu unayo yote miwili. Lakini sikia, na hili ndilo pekee nitakalokuambia kuhusu kazi yako. Sikuchukii kwa kuchoma makapi. Makapi ni ya kuchomwa, nami nimeyachoma maisha yangu yote, na simiti lazima itengenezwe na mtu. Kama ungesimama pale ukamwambia yule mzee wa mvi, ndiyo, wapo akina mama, wanahitaji magunia kadhaa kwa wiki, waachiwe upande mmoja, angekubali. Niliuona uso wake. Alikuuliza kwa sababu alitaka kuambiwa. Wewe uliona ukikubali kwamba tupo, utakubali kwamba wewe pia ulikuwepo, na kamba kiunoni. Ukapendelea tuwe taka, ukang'oa na vijiti ili pasionekane alama yetu. Mwezi ujao watakupeleka Mwea kwa pumba, halafu kwa makadamia, halafu kwa magurudumu ambayo mafundi wanakata viatu vya akala. Kila lundo utakalofika, kutakuwa na mtu amesimama pembeni na birika. Utaulizwa tena swali lile lile. Mimi sitakuwepo nijifunike leso.

Na yule kijana wa Ngoliba, kwao ni njiani. Gari ya kampuni itapita hapo. Nimemuulizia, anauza maji kwa punda karibu na stendi. Ukishuka umwambie nani aliyeng'oa vijiti, basi. Usipoteremka, nitaenda mimi Alhamisi, nami nitamtajia jina lako lote, na la baba yako.

Radhi yangu umeitaka. Jana uliniomba ukicheka, mama nipe radhi yako nisafiri salama, kama mtu anayeomba chumvi. Nilisema kesho. Hii hapa kesho yenyewe.

Asubuhi nitapika chai. Nilikuwa nimeficha gunia moja la makapi chini ya kitanda, la mwisho la lundo letu, na debe ninalo. Amka ushindilie wewe. Chupa iko dirishani. Nyambura akifika atakaa kwenye kiti hicho unachokalia sasa, wewe utasimama. Utammiminia chai, utie sukari anavyopenda, unajua. Usiiweke mezani wala chini. Utamshikia mkononi mpaka aipokee. Mimi nitakuwa jikoni na sitatoka.

Akiipokea, radhi yangu umeipata, nenda na Mungu, na salamu zote za mama. Asipoipokea, utasimama na kikombe hicho mpaka dereva apige honi, kisha utakiweka chini na kwenda kazini, na mimi mlango huu nitaufunga kwa ndani.

Mimi mama yako,
Mwanaidi, wa chai.